Ukuta Alioubomoa Wendell

Darlene Hudak alikuwa akisomea kitabu ndani ya gari lake, gari likiwa limeegeshwa mbele ya nyumba yake mwenyewe, na mtaa mzima ulijua sababu. Nyumba yake haikuwa na jiko la kupikia. Mumewe, Wendell, alistaafu kiwandani mwanzoni mwa masika, akakaa siku chache mbele ya televisheni, kisha akachukua nyundo kubwa na kuubomoa ukuta uliotenga jiko na chumba cha kulia. Alisema wanahitaji nafasi na mwanga. Darlene hakuwa ameomba nafasi wala mwanga. Alikuwa ameomba atengenezewe bomba la sinki, maana lilikuwa likivuja.

Ukuta ulianguka, vumbi likaingia hadi ndani ya viatu, halafu kazi ikasimama. Wendell alitundika turubai la nailoni upande mmoja, upande wa pili akapigilia mbao za plaiwudi, akasema anasubiri boriti inayofaa. Kiangazi kilikuja kikaenda. Majani yakapukutika. Boriti inayofaa haikuonekana. Darlene akawa anapikia kwenye jiko dogo la umeme katika chumba cha chini ya nyumba, kati ya mashine ya kufulia na makopo ya rangi. Vyombo aliviosha kwenye beseni la kuogea, akiwa amepiga magoti. Huyu ni mwanamke ambaye kazi yake ni kupikia shule nzima. Anashinda kwenye masufuria makubwa tangu alfajiri, anarudi kwake hana pa kukaangia yai.

Mimi naishi nyumba ya pili kutoka kwao. Kitabu kile nilimpa mimi. Nilikipata kwenye mnada wa kanisa, nikakisoma, nikaona kitamfaa. Kilikuwa riwaya ya mapenzi yenye fumbo ndani yake, ya aina ile ambayo juu ya jalada kuna nyumba yenye dirisha moja linalowaka taa. Mjane anayeitwa Rosalind ananunua nyumba kuukuu iliyokaa bila mtu kwa muda mrefu. Anamwajiri seremala, Calder, mtu wa maneno machache, mwenye mikono ambayo mwandishi anaieleza kwa kirefu sana. Kila wanachokibandua kinatoa kitu. Wanabandua karatasi za ukutani, wanakuta dirisha lililozibwa. Wanang'oa ngazi, wanakuta kiatu cha mwanamume, kimoja tu, kamba zake zimefungwa vizuri. Mwenye nyumba wa zamani alitoweka wiki ya harusi yake, na aliyejenga zile ngazi alikuwa baba yake Calder. Basi Rosalind anampenda mtu ambaye huenda baba yake alifukia maiti chini ya sakafu, na huku wanachagua pamoja rangi ya milango.

Darlene alikisoma polepole kwa makusudi. Alitoka kazini, akaegesha, akaacha hita ya gari ikiwaka, akafungua kikombe chake cha kahawa na kusoma kurasa chache tu. Akifika mahali patamu alikifunga kitabu juu ya kidole, akatazama mbele na kutabasamu peke yake. Kisha alinisimulia, ingawa alijua nimeshakisoma, na nilimwacha anisimulie kwa sababu alikuwa anasimulia vizuri kuliko kilivyoandikwa. Kila mtu kitabuni alimshuku. Kuna jioni alikuja na kunihakikishia kwamba muuaji ni mwanamke wa posta, siku iliyofuata akaja kukanusha.

Mapenzi yale aliyapenda, lakini zaidi aliipenda kazi yenyewe. Alipenda namna Calder anavyoisugua sakafu hadi mbao ya asili inajitokeza, na namna anavyofagia kabla ya kuondoka. Hapo kwenye kufagia alinisomea kwa sauti.

"Anafagia, jirani," akasema. "Kila siku kabla ya kwenda kwake, anafagia."

Hakuwa akitania. Sijapata kumsikia mtu akisema neno lile kwa uchungu vile.

Wendell na mdogo wake, Russ, ndio walioufanya utani. Russ alifika pale karibu kila siku, wakikaa baraza la nyuma na bia zao kuzungumzia boriti. Akipita karibu na gari la Darlene aligonga kioo na kumuuliza, "Shemeji, huyo seremala wako amekumalizia jiko, au bado anakubembeleza?" Wendell akicheka kule nyuma. Darlene hakushusha kioo. Aliniambia kwamba angeshusha kioo angesema neno ambalo shemeji hapaswi kumwambia shemeji, na kwamba isitoshe alikuwa kwenye sura nzuri ya kitabu.

Alikuwa na hasira muda wote ule, hilo nataka lieleweke. Watu wa kanisani walimsifu kwa uvumilivu, na yeye aliudhika zaidi kusifiwa. Alisema uvumilivu ni jina ambalo watu wanakupa wakiona huna pa kwenda.

Ukurasa uliobadilisha mambo aliusoma siku ya baridi kali, siku mbili tatu kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Rosalind anataka kuvunja ukuta wa jikoni. Calder anaweka kiganja juu ya ule ukuta na kukataa. Anamwambia ukuta huu ndio umebeba chumba unacholala. Ukiutoa bila kuweka kitu mahali pake, nyumba haitaanguka siku hiyo. Itashuka kidogo kidogo. Kwanza utaona mlango wa juu unakaza. Ukiona mlango unakaza, ondoka kwanza, maswali uliza baadaye.

Darlene aliinua macho kwenye kitabu akaangalia dirisha la chumba chake cha kulala, lililo juu kabisa ya jiko.

Mlango wa chumba kile ulikuwa unakaza tangu kiangazi. Alikuwa anausukuma kwa bega. Wendell alimwambia ni unyevu wa hewa, mbao zimevimba, na kweli kiangazi kilikuwa cha unyevu. Lakini sasa ilikuwa baridi kavu, hita imewaka wiki kadhaa, na kila mlango mwingine katika nyumba ile ulikuwa umesinyaa hadi upepo unapita pembeni. Wa kwake peke yake ulikuwa umezidi kukaza. Na jambo lingine likamjia pale pale garini: Wendell hakuwa analala naye tena juu. Tangu kiangazi kile kile alikuwa analala sebuleni, kwenye kiti chake cha kuegemea, akilalamika mgongo.

Hakusema kitu siku ile. Aliniambia baadaye kwamba alijiona mjinga, mwanamke mzima kumshuku mumewe kwa sababu ya kitabu cha mapenzi.

Sikukuu ya Shukrani ililiwa kwa dada yake, Bernadette, kwa sababu Darlene hakuwa na pa kumwoka bata mzinga. Tangu waoane, yeye ndiye aliyekuwa akipika siku ile. Mwaka huu alikaa kama mgeni na sahani ya karatasi mapajani. Mimi pia nilialikwa, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona. Russ ndiye aliyeanza. Alimwambia Bernadette asishangae dada yake akichelewa kula, ana miadi na fundi ndani ya gari. Wendell akadakia kwamba yeye haoni wivu, mwanamume wa kitabuni hali chakula cha mtu na hachafui taulo. Watu wakacheka. Darlene naye akacheka kidogo, akafuta mdomo, akamgeukia mumewe.

"Wendell, ule ukuta ulikuwa umebeba nini?"

Wendell alikuwa amefungua mdomo kuongeza utani mwingine. Aliufunga. Akaomba apewe mchuzi, na mchuzi ulikuwa mbele yake. Russ alianza kuzungumzia msimu wa kuwinda kulungu uliokuwa unafunguliwa Jumamosi, theluji, bunduki ya marehemu baba yao, akaongea haraka haraka bila kumeza mate. Darlene alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Nilimwona akiweka uma wake chini taratibu, na nilijua kwamba hapo meza ilikuwa imekwisha kujibu.

Jumamosi ndugu wawili waliondoka na pikapu kabla hakujapambazuka. Darlene alikunywa kahawa yake, akavaa buti zake za kazini, akateremka kwenye chumba cha chini na kupanda na mtalimbo wa Wendell. Akaanza kuing'oa plaiwudi ya kwanza. Misumari ilikuwa mingi kupita kiasi, kana kwamba aliyeipigilia hakutaka pafunguliwe tena.

Nyuma ya ubao hakukuwa na kazi yoyote iliyosubiri boriti. Maboriti yote yaliyobeba sakafu ya chumba chake, ambayo zamani ncha zake zilikaa juu ya ukuta ule, yalikuwa hewani. Chini yake kulikuwa na gogo moja la mbao limelazwa kukingama, na gogo lenyewe limesimamishwa juu ya jeki mbili za gari. Jeki moja ilikuwa imeinama. Kitako chake kilikuwa kimezama ndani ya sakafu na mbao zimepasuka kuizunguka. Juu, dari ilikuwa imetoa tumbo. Na kwenye jeki zote mbili, kwa rangi ya chungwa, kulikuwa na jina. Russ huandika jina lake kwenye kila chombo chake, watu wasimwibie.

Alikuja kwangu akitembea, hakukimbia. Vumbi lilikuwa kwenye nywele na mtalimbo bado mkononi. Nilimwambia aketi, akakataa. Aliniomba simu, akampigia Tess Ordway, fundi aliyejenga baraza la Bernadette, na akamweleza alichokiona kwa utulivu ambao ulinitisha.

Tess alifika na vijana wake wawili wa kazi. Aliingia jikoni, akatazama juu, hakuvua hata kofia.

"Nani analala humo?" aliuliza.

"Mimi," akasema Darlene.

Tess alirudi nyuma hadi mlangoni. Kisha akatuambia tutoke nje sote, tusipande juu kuchukua kitu chochote, hata dawa, na akawatuma vijana wakalete nguzo. Mchana ule walisimamisha nguzo za chuma chini ya dari, moja baada ya nyingine, wakizikaza polepole kama watu wanaomwinua mgonjwa. Walipozitoa zile jeki, Darlene aliziomba. Akazibeba mwenyewe, nzito vile, akaziweka ukingoni mwa barabara.

Wanaume walirudi saa ya chai ya jioni na kulungu amefungwa nyuma ya pikapu. Wendell alikuwa anaimba. Aliliona gari la Tess, akaziona jeki, akaacha kuimba. Darlene alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo zilizokuwa kwenye mashine ya kufulia, kwa kuwa nguo za juu alikatazwa. Mimi nilisimama kando ya gari langu. Nilikuwa nimejitolea kumpeleka kwa dada yake.

"Nimeng'oa ubao," alisema.

Wendell alishikilia mlango wa pikapu. "Nilikuwa nataka kukwambia, Darlene."

"Lini?"

"Nikishamaliza."

"Ukishamaliza kazi, au nikishamalizika mimi?"

Alijaribu kujieleza. Alisema alipoupiga ukuta nyundo ya mwisho aliona dari inashuka mbele ya macho yake, akakimbia kumwita Russ, wakaweka jeki, na dari ikasimama. Kila siku alikusudia kutafuta boriti, na kila siku aliogopa kugusa. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alidhani litamwokoa.

"Mgongo wangu hauna kitu. Nilikuwa nalala pale chini kwa ajili yako. Nilikuwa nazisikiliza zile jeki. Zingelia tu, ningekuita ushuke."

"Ulikuwa unasikiliza huku unakoroma," Darlene akasema. "Nilikuwa nakusikia kutoka juu."

Russ ndiye aliyejitia kati, na kwa kweli ingekuwa heri kwake angebaki ndani ya gari. "Shemeji, tusikuze mambo. Zile jeki zinainua lori zima. Wewe ulikuwa unasoma hadithi zako huko, tukaona kwa nini tukutie wasiwasi."

Darlene aliteremka ngazi za baraza hadi mbele yake. Si mwanamke mrefu. Alimwambia kwamba alimpikia tangu akiwa kapera, kwamba alikula mezani pake Jumapili baada ya Jumapili, na kwamba miezi yote ile alipokuwa akimgongea kioo cha gari na kumcheka, Russ alikuwa anajua yeye analala juu ya nini. Alisema yote bila kupandisha sauti. Mwishoni akaonyesha barabarani.

"Jeki zako zile pale. Zichukue, na usikanyage kwangu tena."

Tukaondoka. Njiani hakulia. Alipiga dashibodi ya gari langu kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu, kisha akaniomba radhi. Nilimwambia apige tena akitaka. Akapiga.

Riwaya aliimalizia kwa Bernadette, kesho yake, amejifunika blanketi kochini, akakataa kuongea na mtu hadi ukurasa wa mwisho. Halafu akanipigia simu. Nilidhani anataka kuzungumzia nyumba. Kumbe alikuwa amemkasirikia Rosalind. Nilichokuwa nimekaa nacho moyoni muda wote ule ni kwamba Calder alijua. Alijua tangu siku ya kwanza baba yake alifanya nini, na alichukua ile kazi ili akifute kila kitu kimya kimya kabla ya mjane kukiona. Mwishoni anakiri, mvua inanyesha, na Rosalind anamsamehe.

"Ukurasa mmoja," Darlene akasema. "Anamficha siri kitabu kizima, na yeye anamsamehe kwenye ukurasa mmoja, tena nusu yake wanabusiana. Nani anasamehe hivyo, jirani? Kwanza hakumuuliza hata swali."

Nilimuuliza kama anajuta kukisoma. Alilishangaa swali. Akasema hapana, kilikuwa kitamu sana, pale kwenye ngazi nywele zilimsimama, na kama huyo mwandishi ameandika kingine nimtafutie. Ila huo mwisho angekuwa na kalamu angeufuta.

Wendell alikuja kwangu wiki ile, hana kofia kwenye theluji, kuniomba nimwombee msamaha. Sikumkaribisha kiti. Aliniambia kule kiwandani yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kitu kikiharibika, watu wakisema mwiteni Hudak, na kwamba siku dari iliposhuka aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Alisema aliogopa. Macho yake yalikuwa mekundu, na ninaamini alisema kweli. Nilimjibu kwamba uoga nauelewa. Lakini mtu anayeogopa nyumba itaanguka humwamsha mkewe. Yeye alichagua kumpoteza Darlene kuliko kuonekana hajui, na hilo mimi siwezi kumwombea, akaliseme mwenyewe.

Alikwenda akalisema. Bernadette alimwacha barazani, na Darlene alimsikiliza akiwa amesimama nyuma ya mlango wa wavu. Siku nyingine alimpa masharti. Tess ndiye atakayetengeneza nyumba, toka boriti hadi rangi. Wendell atafanya kazi chini yake kama kibarua, atabeba anachoambiwa abebe na kushika anachoambiwa ashike, na mtu yeyote akimuuliza kilichotokea atasema ukweli, hata kanisani, hata kwa wenzake wa kiwandani. Na hicho kiti cha sebuleni ndicho kitakuwa kitanda chake hadi Darlene atakaposema vingine.

Alikubali. Katika baridi ile yote nilimwona akiingia na kutoka na mbao begani, Tess akimwelekeza. Wenzake wa zamani walipita kutazama, wakamuuliza, akawaeleza kwa sauti ndogo. Wengine walimcheka. Alivumilia, kwa hilo nampa haki yake. Boriti ya chuma ilipopandishwa mahali pake, mlango wa chumba cha juu ulifunguka kwa kidole.

Darlene alirudi theluji ilipoyeyuka. Jiko likawa kubwa, lina mwanga, na bomba la sinki halivuji. Hakusema ni zuri. Alipanga masufuria yake, akasogeza meza karibu na dirisha, akaanza kusomea pale. Wendell alipomuuliza kitabu kipya kinahusu nini, alimwambia kinahusu mke aliyemzika mumewe chini ya sakafu, naye Wendell hakujua kama acheke. Mimi nilikijua kile kitabu. Kilihusu hoteli ya ufukweni.

Watu wanauliza kama amemsamehe. Wanakula pamoja, wanakwenda kanisani pamoja, kiti cha sebuleni bado kina mto na blanketi. Nimemwona akimshonea kifungo cha shati, na nimemwona akinyamaza ghafla katikati ya mazungumzo, akimtazama Wendell anavyokula, uso ukibadilika. Anasema hasira inamjia anapopanda kitandani, inalala naye, na asubuhi anaiacha pale juu ateremke kupika. Sijamshauri kitu. Kama ni mimi, nisingerudi.

Pasaka aliipika mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ukuta ubomolewe: soseji za moshi, mayai yaliyotiwa rangi, mkate wa karanga uliovingirishwa, na ule mzizi mkali wa kusaga unaotoa machozi. Tulikuwa tumejaa meza nzima. Katikati ya chakula kengele ya mlango ililia, na Wendell akabaki ameshika uma, maana alijua ni nani. Darlene ndiye aliyekwenda. Russ alikuwa barazani, amechana nywele, ameshika pai ya tufaha kwa mikono miwili. Alisema ameileta kwa ajili ya shemeji yake na kwamba ameioka mwenyewe.

Darlene aliipokea, akaiinamia akainusa, akamwambia ahsante. Kisha akamfungia Russ mlango, akarudi mezani na kisu, akatukatia.